Kuoshwa kwa Ukuta wa Chumvi

Nchi ninayoisimulia ipo, ila jina lake sitalitaja, kwa kuwa nimekatazwa na mimi ni mtu wa kutii. Ukidhani umeitambua, umekosea. Ukiwa na hakika hukukosea, usiniambie. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mbeba majalada katika Wizara ya Mandhari ya nchi hiyo. Kazi yangu ilikuwa kulichukua jalada chini, kulipandisha saini baada ya saini mpaka Ikulu, halafu kulishusha. Sikuwahi kupoteza hata moja. Nina cheti cha hilo, nimekitia fremu.

Mambo yalianza na kunguru. Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa akipita Uwanja wa Umoja katika gari lake la saba, kati ya magari kumi na matatu ambayo mengine yote huwa matupu, akamwona kunguru juu ya Ukuta wa Chumvi akijisaidia. Akasema neno moja tu: "Uchafu." Kabla msafara haujafika Ikulu, tayari palikuwa na Kamati ya Taifa ya Uchafu, wajumbe sitini, na kila mjumbe alikuwa na gari.

Ukuta huo una historia, nami nitaieleza kama inavyofundishwa shuleni. Zamani wafanyakazi wa mashamba ya chumvi waligoma wakidai maji ya kunywa. Ikatokea ajali. Watu mia mbili na kumi na wawili wakafariki katika kile kinachoitwa Ajali ya Chumvi. Ni kweli kwamba ajali hiyo ilitoka kwenye bunduki za jeshi, lakini vitabu vya shule haviingii katika mambo madogo madogo. Maiti hazikurudishwa kwa wenyewe, na zilikozikwa hakuna aliyeambiwa. Miaka ikapita, wafadhili wakanuna, Serikali ikajenga ukuta wa mawe ya matumbawe, ikaupaka chokaa laini na kuchonga humo majina yote. Likawa ndilo kaburi pekee. Siku za sikukuu ungewaona kina mama wakipitisha kidole ndani ya herufi za jina moja, wakirudia na kurudia, kisha wakaenda zao sokoni.

Sasa kulikuwa na mgeni anakuja, rais wa nchi tajiri, kuweka shada la maua hapo ukutani. Huwezi kumwonyesha mgeni wafu wako wakiwa wachafu. Tangazo likatoka: anatafutwa mkandarasi aliyehitimu wa kuosha kwa mashine ya presha.

*

Waliofika kwenye usaili walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwasiti Kibindo, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya mpira na mikono iliyokunjamana kwa maji. Alikuwa ameosha misikiti, makanisa na nyumba za mawe za watu wa zamani kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna nyumba iliyomlaumu. Wa pili alikuwa Bwana Kassiani Mbelwa, mwenye machimbo ya marumaru. Huyu alikuwa shemeji yake Waziri, jambo ambalo nalitaja kwa ukamilifu wa taarifa tu.

Mwenyekiti wa usaili alikuwa Mkurugenzi wetu, Bwana Ponziano Lukwaro, mtu mpole aliyekuwa akiomba radhi hata kwa kiti kabla hajakikalia.

"Bi Mwasiti," akauliza, "una uzoefu gani wa kuosha kuta za taifa?"

"Taifa lina ukuta mmoja, mzee, na haujawahi kuoshwa."

"Kwa hiyo huna."

"Hakuna aliye nao."

"Andika: hana," akamwambia karani. "Na wewe, Bwana Mbelwa?"

"Mimi sijawahi kuosha kitu," akasema Mbelwa, "lakini ningewahi, ningeosha vitu vikubwa."

Wajumbe wakapiga makofi.

Bi Mwasiti hakubishana. Aliomba tutoke uani. Akaiwasha mashine yake, akakaza, akalegeza, akayajaribu maji mgongoni mwa mkono wake. "Yakiniuma mimi, yataiuma chokaa," alisema. Kisha akamwomba Mkurugenzi mkono. Mkurugenzi akautoa kwa woga huku amefumba macho. Maji yalipomgusa akacheka.

"Yanatekenya!"

"Ndiyo presha arobaini hiyo, mzee. Kunguru atatoka, kuvu itatoka, majina yatabaki. Ukizidisha hapo, unachonga, huoshi."

"Una hakika?"

"Baba yangu yumo. Nassibu Kibindo, mstari wa nne kutoka juu. Nilikuwa na miaka sita alipotoka asubuhi na kibuyu cha maji. Sina kaburi jingine mimi. Unadhani naweza kukosea?"

Mkurugenzi akafuta mkono kwa leso. Nadhani aliguswa. Alikuwa mtu wa kuguswa upesi, na wa kupona upesi vilevile. Palepale akamteua kuwa mtaalamu wa kuandika kiwango cha presha, na kazi yenyewe, akasema, itamfuata mwenye kiwango.

*

Hapa yanipasa nieleze desturi moja ya nchi hiyo, ambayo wageni huwa hawaamini.

Inaitwa Nyongeza. Siku moja, Mlezi Mkuu aliletewa jalada lililopita ofisi sita, na tarakimu iliyokuwa ndani ilimfikia vilevile ilivyotoka chini. Akauliza, "Sasa hawa wote wamefanya nini?" Watu watatu walistaafu siku hiyo kwa sababu za kiafya. Tangu hapo, kila anayetia saini huizidisha tarakimu mara mbili, ili ionekane kwamba jalada limepita mikononi mwa mtu. Naye Mlezi Mkuu, ambaye ni wa saba, huzidisha ili ionekane kwamba yeye ndiye mkubwa wao. Akishasaini, haliguswi tena. Kosa likipita hapo si kosa tena, ni sheria. Daraja la Mto Ngude limejengwa kandokando ya mto kwa sababu mchoro ulifika umegeuka na akasaini hivyohivyo. Mto ndio ulioandikiwa barua uhame.

Basi nchi ikawa na neema za ajabu. Shule moja ya bara iliomba mlango mmoja, ikapata milango mia moja ishirini na minane, na watoto wanasomea nje kwa kuwa ndani mmejaa milango. Muuguzi mmoja aliomba likizo ya siku kumi ya kumzika mamaye. Alirudi baada ya miaka mitatu na nusu, akakuta hospitali ni ukumbi wa harusi.

Bi Mwasiti aliyajua haya, nani asiyeyajua? Kalamu ikiwa mkononi akamtazama Mkurugenzi machoni.

"Na Nyongeza, mzee? Nikiandika arobaini, itabaki arobaini?"

"Ah, mama!" Mkurugenzi akaweka mkono kifuani. "Ya kitaalamu hatuongezi. Huo si ungekuwa ujinga?"

Akaandika arobaini. Nikaambatisha orodha ya majina, kurasa tano, kiambatisho cha kwanza, ili wakubwa wajue kinachooshwa ni nini. Nikapanda ngazi.

Nilikuwapo, kwa hiyo naweza kusema. Mkurugenzi aliandika themanini kabla wino wa Bi Mwasiti haujakauka. Kamishna akaandika mia moja na sitini huku akila korosho. Naibu Katibu, mia tatu na ishirini. Katibu, mia sita na arobaini, akiwa kwenye simu. Naibu Waziri aliuliza, "Hii ni nini?" nikamwambia ni presha, akasema hata yeye anayo, akaandika elfu moja mia mbili na themanini. Waziri, Mheshimiwa Daktari Daktari Tunutu, aliyeanza na udaktari mmoja kabla cheti hakijapitishwa ofisini, akaandika elfu mbili mia tano na sitini. Mlezi Mkuu akamalizia kwa kalamu nene: elfu tano mia moja na ishirini. Orodha ya majina hakuna aliyeifunua. Nilishuka nikipiga mluzi, maana jalada lilikuwa limepita kwa siku moja.

*

"Mashine yako inafika ngapi?" Mkurugenzi akamuuliza Bi Mwasiti.

"Mia moja na hamsini, na sijawahi kuifikisha huko. Kwani?"

"Kiwango kilichopitishwa ni elfu tano mia moja na ishirini. Sikitiko langu ni kubwa, mama, lakini mashine yako haifikii kiwango ulichokiandika wewe mwenyewe. Hukuhitimu."

Bi Mwasiti alikaa chini bila kuambiwa.

"Uliniambia hamwongezi ya kitaalamu."

"Na mimi sikuongeza kitaalamu. Niliongeza kiutawala."

"Mzee, hayo maji hukata jiwe! Hayo ni ya machimboni!"

"Ndiyo maana tumempata mtu wa machimboni," akasema Mkurugenzi, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata jibu la mtihani.

Mama huyo alipanda ofisi zote. Mimi nilimwonyesha milango, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Kila mlango alijibiwa kwa upole. Kamishna alimwambia kwamba yeye aliongeza kidogo tu, aende kwa walioongeza sana. Katibu akamwambia kwamba alichoongeza yeye si kitu mbele ya alichoongeza Waziri. Waziri akamsikiliza dakika nzima, kisha akamuuliza kama kweli anataka baba yake aoshwe kwa presha ya kuoshea pikipiki.

"Nataka baba yangu abaki," akasema Bi Mwasiti.

"Mama, usiwe mbinafsi. Pale kuna watu mia mbili."

Nasema kwa heshima zote: lile lilikuwa jengo la washenzi, na mimi nilikuwa na funguo zake.

*

Siku ya kuosha ilitangazwa kuwa ya mapumziko. Kulikuwa na brasbendi, maturubai, na viti vyenye vitambaa kwa ajili ya wale wasiokuwa na mtu ukutani. Waliokuwa na watu wao walisimamishwa nyuma ya kamba, juani. Mashine ya Mbelwa ililetwa juu ya trela, ikiwa bado na vumbi la marumaru, na wanaume wanne waliushika mpira wake wa maji kama wanaomzuia ng'ombe.

Waziri akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Yapo mataifa yanayoosha kuta zao kwa presha themanini. Yapo yanayojikakamua yakafika mia. Hayo ni mataifa yasiyowapenda mashujaa wake! Sisi leo tunawaosha wetu kwa elfu tano mia moja na ishirini! Nani duniani amewahi kuwaheshimu wafu wake kwa kiasi hiki? Mwenye jibu anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha, maana kulikuwa na askari wa kutazama mikono.

Maji yalipotoka hayakusikika kama maji. Kunguru aliondoka kwanza, na kinyesi chake, kisha kuvu, na kwa muda wa kuhesabu tatu ukuta ulipendeza kweli. Halafu chokaa ikaanza kuvimba na kuanguka. Majina ya mstari wa juu yalitoka kwa vipande, nusu herufi, nusu herufi, yakateremka ukutani kama uji. Mzee mmoja nyuma ya kamba alianza kuita jina la mkewe. Hakuwa analia, alikuwa analiita tu, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka jikoni.

"Zimeni!" Bi Mwasiti akapita chini ya kamba. "Zimeni, linaliwa jiwe! Zimeni, jamani, mnaua watu!"

Askari wawili wakamdaka. Kiongozi wa bendi akaonyeshwa ishara apige kwa nguvu zaidi, akapiga. Mstari wa tatu ukaenda. Mstari wa nne ukaenda. Bi Mwasiti akalegea mikononi mwao, nao wakamwachia, kwa kuwa hapakuwa na cha kumzuilia tena. Akachuchumaa kwenye mfereji, akachota ule uji mweupe kwa viganja na kuutia ndani ya kiatu chake cha mpira, maana hakuwa na chombo kingine. Akavuka uwanja mguu mmoja peku.

Ukuta ulibaki mtupu, umepungua unene kwa kiganja kizima, na umeinamia nyuma kidogo, kuelekea sanamu ya Mlezi Mkuu. Waziri alipitisha leso yake nyeupe juu yake, akaiinua watu waione. "Hakuna doa!" akasema.

Mgeni alifika Alhamisi. Akaweka shada mbele ya ukuta usio na kitu, akauliza ni kumbukumbu ya nini. "Ya usafi," akajibiwa. Akaandika kitabuni kwamba ameguswa sana.

*

Serikali yetu haikuwa ya kuacha mambo nusunusu. Wiki iliyofuata Idara ya Takwimu iliupima ukuta, ikakuta hauna jina hata moja, ikaandika idadi mpya ya waliofariki katika Ajali ya Chumvi: sifuri. Jalada hilo nililibeba mimi. Mkurugenzi akazidisha mara mbili, ikabaki sifuri. Kamishna akazidisha, ikabaki sifuri. Kila mmoja alidhani wa juu yake ataona. Mlezi Mkuu akasaini. Tangazo likabandikwa palepale ukutani: waliofariki, 0, imethibitishwa na ofisi saba.

Bi Mwasiti alilisoma. Nilikuwa nyuma yake na ndoo ya gundi. Nilimwona akizihesabu zile saini kwa kidole, moja moja, kisha akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ukafanya kitu kisichokuwa kilio.

Watu hawakungoja ruhusa. Walikuja na makaa kutoka jikoni, wakaanza kuandika. Aliyejua jina la kaka yake aliandika la kaka yake. Asiyejua kuandika alimtajia jirani. Kufikia Ijumaa walikuwa wamerudi ukutani watu mia moja themanini na saba, kwa miandiko ya kila namna, wengine wakubwa kuliko wengine.

"Uchafu umerudi!" Waziri akapiga kelele. Lakini safari hii kulikuwa na tatizo. Ukuta ulikuwa mwembamba, na mashine ya Mbelwa ingeuangusha juu ya sanamu. Mkurugenzi akatumwa amtafute Bi Mwasiti. Alimpata nyumbani, akaomba radhi kwa mlango, kwa kigoda, kisha kwa mwenyewe.

"Mama, tunahitaji mtu aliyehitimu."

"Mlisema sikuhitimu."

"Umehitimu. Waziri ameongeza."

Bi Mwasiti akavaa viatu vyake, kimoja kikiwa bado na chokaa kwenye mshono. Ofisini akapewa fomu. Akaandika, akaisukuma mezani.

"Sifuri?" Mkurugenzi akatazama, akageuza karatasi, akatazama tena. "Presha sifuri?"

"Ndiyo kiwango cha kitaalamu, mzee. Ukuta umechoka."

"Lakini mimi lazima nizidishe."

"Zidisha, mzee. Nani amekukataza?"

Alihesabu kwa vidole chini ya meza. Angesema haiwezekani, angekuwa amesema kwamba Nyongeza ya Mlezi Mkuu haiongezi, na watu wamestaafu kwa afya mbaya kwa maneno madogo kuliko hayo. Akaandika sifuri, akasaini. Nikapanda ngazi. Nakiri kwamba siku ile nilipanda mbio.

Ilishuka ikiwa sifuri, yenye saini saba, ya mwisho kwa kalamu nene. Ikawa sheria: Ukuta wa Chumvi utaoshwa kila Ijumaa, milele, na Bi Mwasiti Kibindo peke yake, kwa presha sifuri, na atakayeuosha kwa presha yoyote nyingine atafungwa. Waziri alipoisoma alivunja kikombe. Hakuweza kuvunja kingine chochote.

*

Kila Ijumaa anakuja. Anautandaza mpira, anauelekeza ukutani, anasimama saa nzima na mashine imezimwa, na askari wanamlinda ili asitokee wa kumsumbua. Mfukoni ana makaa. Baba yake yuko mstari wa nne kutoka juu, na mvua ikimfuta anamwandika tena.

Amepiga mistari mia mbili na kumi na miwili. Ishirini na mitano iko wazi. Hao hawana mtu: ukoo umekwisha, au umehama, au anayekumbuka amesahau. Kila anayepita anamuuliza: "Kwenu hakuna aliyekwenda chumvini asirudi?" Watu hutikisa kichwa na kupita.

Ijumaa moja nilipita mimi. Nilikuwa nimestaafu, na kwa kweli nilipita ili nimpongeze.

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukibeba lile jalada?" akaniuliza.

"Ndimi."

"La kwanza lilikuwa na orodha. Wote walikuwemo?"

"Wote. Kurasa tano. Niliiambatisha kwa mkono wangu."

Akaushusha mpira chini. Akanishika mkono, mikono yake ikiwa baridi. "Iko wapi?"

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba jalada likifungwa viambatisho huchomwa, kwamba ni kanuni ya tangu zamani, na kwamba mchomaji ni mbeba jalada mwenyewe, ili isipotee karatasi njiani. Tanuri liko nyuma ya jengo. Kutoka ghorofa ya kwanza ni mwendo wa dakika tatu hivi.

"Ulizishika dakika tatu."

"Kama hizo."

"Ulisoma hata jina moja?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kusoma haikuwa kazi yangu. Akauachia mkono wangu. Hakunitukana, na ningelipa nitukanwe. Alitoa kipande cha makaa mfukoni, akakiweka kiganjani mwangu, akanisogeza mbele ya mstari ulio wazi. Nilisimama hapo mpaka saa yake ikaisha, makaa mkononi, nikijaribu kukumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitazama.